Ukurasa wa Kwanza wa Nchi ya Mbao Saba

Asubuhi moja mwezi uliopita, mwanamke mmoja alipita mlangoni kwangu hapa Masisi akiwa na beseni kichwani, na kabla sijamwona nilikuwa nimekwisha jua amebeba nini. Harufu ya fromaji, jibini yetu ya huku, hutangulia mbele ya mchuuzi wake. Watu husema ni harufu ya maziwa, lakini hao hawajawahi kulala karibu nayo. Ni harufu ya ubao uliolowa maji ya chumvi, ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi bila sabuni, na chini kabisa kuna kitu kama udongo wa shamba la maharagwe baada ya mvua. Nilimwita mama yule, nikanunua kipande, nikakiweka mezani, nikashindwa kukila. Wajukuu walikimaliza. Mimi nilibaki nikikitazama kisu, na nikaona aibu mbele ya kisu kama mtu aliyekutwa chumbani kwa watu.

Nitawaeleza sababu. Jambo hili nimekaa nalo tangu nikiwa mtoto wa suruali fupi, na sikuwahi kulisimulia mpaka mwisho, hata kwa marehemu mke wangu, ambaye alijua karibu kila ubaya wangu mwingine.

Kwetu ni Kibabi. Baba alilima maharagwe na mihogo kama majirani wote, lakini alikuwa pia na kazi aliyojifunza ujanani kwenye shamba la mzungu mmoja: kutengeneza fromaji. Wenye ng'ombe walimletea maziwa kwa bidoni alfajiri, yeye akayapasha moto, akayagandisha, akayakamua na kuyabana. Nyuma ya jiko alikuwa amejenga chumba cha kuhifadhia, chenye giza na baridi, na ndani yake mbao saba ndefu zilizopangwa ukutani, moja juu ya nyingine, kutoka kwenye magoti yangu mpaka karibu na dari. Hapo fromaji zililala, za mviringo, nzito, rangi ya ndizi iliyoanza kuiva.

Asiyeijua kazi hii hufikiri kwamba fromaji ikishalazwa juu ya ubao inajitunza. Sivyo. Lazima igeuzwe kila siku. Ukiiacha siku mbili imelalia upande mmoja, chini inabaki na maji, inashikamana na ubao, inaanza kulainika kama kidonda kilichofungwa vibaya. Basi kila asubuhi kabla ya shule, mimi na dada yangu Maombi tuliingia mle ndani na koroboi. Amri ya baba ilikuwa kwamba mmoja ageuze na mwingine afute kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Ukweli ni kwamba Maombi aligeuza na kufuta. Mimi nilishika koroboi na kusema maneno.

Maombi alinizidi mwaka mmoja na miezi kidogo. Alikuwa amemaliza darasa la sita mwaka uliotangulia na kupata sertifika yake kwa alama ambazo mlima mzima ulizisikia, kwa sababu mama alizitaja hadi kwa watu waliokuja kuomba moto. Lakini mwaka ule ule mgongo wa mama ukaharibika, akawa hawezi tena kuinama, na baba akasema Maombi apumzike kwanza nyumbani, asaidie kwenye fromaji, halafu tutaona. Neno hilo, tutaona, baba alilitumia kwa mambo mengi. Alilisema pia juu ya paa lililovuja, na mimi nililikuta paa lile likivuja hata siku tulipomzika.

Nchi ya Mbao Saba ilianzia mdomoni mwa Maombi. Nakumbuka alikuwa ameshika fromaji kwa mikono miwili, ameituliza tumboni kama mtoto.

"Safari," aliniambia, "wazia kama juu ya hii kunaishi watu."

"Watu gani?"

"Wadogo. Wako na mashamba yao, na ng'ombe, na kanisa. Sasa mimi nageuza." Akaigeuza polepole sana, akailaza. "Wale wa juu wameenda wapi?"

"Wamekufa. Wamepondwa."

"Weye kila mara unaua watu. Hawakupondwa. Wameenda kukaa chini, na wale wa chini njo wamekuja juu. Kesho watabadilishana tena."

Niliangalia mbao saba, na kwa mara ya kwanza sikuona kazi. Niliona vilima saba vyenye miji, vikipinduka kila asubuhi. Nikamwambia tutaandika kitabu.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alikuwa na kabati lenye vitabu vichache, na Jumamosi, tukikaa kimya vya kutosha, alitusomea kurasa mbili tatu za kitabu kimoja kinene chenye jalada gumu, habari za nchi isiyokuwepo popote, yenye wafalme na wanyama wasiojulikana. Mimi sikupenda sana hadithi yenyewe. Nilipenda kwamba mtu alikaa mahali fulani akaitengeneza, akaipa ramani kwenye ukurasa wa mbele, na watu wa Kibabi wakanyamaza kumsikiliza. Nilitaka kuwa mtu yule.

Nilipata kaye, daftari nene, kwa kumfanyia mjomba kazi ya kupalilia, na kalamu mbili za biki, ya bluu na nyekundu. Wasomaji wangu, sijui kama nyinyi mliwahi kuwa na kaye mpya ambayo bado haina hata alama. Niliinusa. Nililala nayo chini ya kichwa. Nilipiga mistari ya pembeni katika kila ukurasa, kurasa zote, kwa rula ya mbao iliyokuwa na meno, na kazi hiyo peke yake ilinichukua wiki moja ya furaha. Kisha nikaanza kupanga. Ukurasa mmoja nikaandika juu yake kwa nyekundu: Majina ya Wafalme. Mwingine: Sheria. Mwingine: Vyakula. Mwingine: Mambo ya Kutisha. Niliacha kurasa mbili zinazotazamana kwa ajili ya ramani, na ukurasa wa kwanza kabisa nikauacha mtupu, maana huo ulikuwa wa mwanzo wa hadithi, na mwanzo ulikuwa na siku yake.

Siku hiyo tuliichagua kwa njia ya nyumbani kwetu. Asubuhi tuliyoanza kupanga, baba alikuwa ameingiza fromaji mpya, kubwa kuliko zote, na Maombi aliikwaruza ubavuni kwa ukucha alama ndogo ya msalaba. Tukaapa kwamba siku fromaji ile itakaposhushwa kutoka kwenye ubao ikiwa imekomaa, siku hiyo hiyo mimi nitaandika sentensi ya kwanza. Kabla ya hapo, hapana. Kila kitu kiive kwa pamoja.

Sijapata tena katika maisha yangu utamu kama wa wiki zile. Nimeoa, nimeitwa baba, nimepata kazi ya karani yenye kiti na meza. Vyote hivyo vilikuwa vizuri, lakini havikuwa na ule mchecheto wa kuamka ukijua kwamba jambo kubwa linakungoja na bado halijaanza, kwa hiyo bado halijaharibika. Nilikwenda shuleni nikiwa nimebeba nchi nzima kifuani. Nikipanda mlima na mzigo wa kuni, sikuuona mlima. Wenzangu waliniuliza mbona nacheka peke yangu, na mimi nikajiona nimewahurumia, maskini, wenye ulimwengu mmoja tu.

Na kila asubuhi Maombi alinilisha. Mimi niliuliza, yeye akageuza na kujibu.

"Nchi ikigeuka, mto haumwagiki?"

"Watu wa mto wanaukusanya mbele ndani ya vibuyu. Wanalala nao. Asubui wanaumwaga upya."

"Na ng'ombe?"

"Wanazifunga mukia kwa mizizi ya migomba. Lakini kila siku kuko moya anasahau kufunga, na ile ng'ombe inaangukaka mu mawingu. Njo maana kuko ngurumo."

Nilicheka mpaka koroboi ikatikisika. Yeye hakucheka sana, alikuwa anaangalia chini ya fromaji kama kuna unyevu. Siku nyingine alinipa mfalme wa ubao wa nne, aliyependa jua hata akakataa kugeuzwa. Aliwaamuru askari wakipigilie kilima chake misumari kisipinduke. Basi yeye na watu wake wakabaki juu siku zote, wakiota jua, na chini yao wale wengine wakaanza kuoza polepole, bila sauti, mpaka harufu ikampata mfalme mwenyewe mezani.

"Halafu?" nilimuuliza.

"Halafu njo kitabu," alisema. "Andika, utaona."

Niliandika kwa bluu: Mfalme asiyetaka kugeuka. Na chini yake nikatia sahihi yangu, sijui kwa nini. Nilitia sahihi karibu kila ukurasa. Jina lake halikuwamo popote katika kaye ile. Sikuliacha kwa ubaya. Halikunijia tu, kama vile hakuna mtu anayeandika jina la chemchemi kwenye kibuyu.

Fromaji yenye alama ilikuwa imebakiza siku chache kukomaa mwalimu aliponikamata nachora ramani wakati wa hesabu. Alikuja kwa nyuma na viatu vyake vya mpira visivyolia, akaichukua kaye, akaifunga ndani ya kabati. Siku nne sikulala vizuri. Nilijua nitachapwa. Badala yake, Ijumaa, alinisimamisha baada ya kengele akaniuliza kama baba yangu atakuwa nyumbani Jumapili.

Alikuja baada ya ibada, na koti lake la kijivu, na kaye yangu kwapani. Baba alimpa kiti chenye mgongo. Mgeni kama yule hapewi maharagwe matupu, kwa hiyo baba alimwambia Maombi ashushe fromaji iliyo tayari, na Maombi akarudi na ile kubwa, yenye msalaba ubavuni. Tuliangaliana. Siku ya mwanzo ilikuwa imefika, mbele ya watu. Nakumbuka alitabasamu kidogo. Aliikata pembeni, akapanga vipande kwenye sahani ya bati yenye maua, akaja kusimama mlangoni akingoja wakubwa wamalize salamu.

"Papa Safari," mwalimu alimwambia baba, "ndugu yangu mkubwa njo prefe, mukuu wa sekondari kule Masisi. Kwa mwaka ujao amenipa nafasi moya ya internati, mutoto atakula na kulala kule. Moya tu. Ameniambia nimuchagulie mutoto mwenye kichwa."

Baba alisema kichwa kwake kiko, lakini mikono pia inatakiwa. Alitutazama mimi na Maombi. "Niko na hawa wawili. Moya anaweza kwenda. Mwengine lazima abakie na fromaji, unaona mama yao alivyo." Akafikiri, kisha akasema maneno ambayo nayasikia hata sasa: "Huyu binti alipata alama mingi kupita huyu. Nilikuwa nawaza, kukipatikana nafasi, pengine yeye."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Alimkumbuka Maombi vizuri, alisema, mtoto wa bidii. Kisha akaifungua kaye juu ya magoti yake. "Lakini, Papa, bidii ni kitu moya, na hii ni kitu ingine. Tangu nianze kufundisha sijaona mutoto amewaza namna hii. Muto unalala ndani ya kibuyu. Mufalme anayepigilia kilima misumari. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka koroboi ikaisha mafuta." Akanigeukia. "Safari, nataka nisikie kwa kinywa chako, mbele ya baba yako. Ni weye njo ulifikiri haya yote?"

Nataka niwaambie ukweli wa sekunde ile, kwa sababu nimeipitia mara nyingi. Sikuwa nimechanganyikiwa. Mtoto hudanganya akiwa ameogopa, na mimi sikuogopa. Niliona internati, nikaona kabati zima la vitabu, nikaona mbao saba na koroboi na maji ya chumvi yanayopasua vidole, na nikajua kwamba mmoja wetu atapata hiki na mmoja kile. Nilimwona pia Maombi. Alikuwa ameinua sahani kidogo, kama mtu anayetaka kuingia, na macho yake yalikuwa juu yangu, hayana wasiwasi hata kidogo.

"Njo mimi, mwalimu," nilisema.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mwalimu alifurahi. Akaniuliza swali moja la mwisho, kama mtu anayeonja mchuzi ambao amekwisha kuusifu. "Sasa niambie kitu hukuandika. Hii inchi inapinduka kila asubui. Nani anaigeuza?"

Nilikuwa na majina ya wafalme thelathini na sheria kumi na nne, na sikuwa nimewahi kujiuliza swali hilo. "Inajigeuza yenyewe," nilisema.

Mlangoni kulikuwa na sauti ndogo ya bati. Maombi aliingia, akaweka sahani mbele ya mgeni kwa magoti yaliyopigwa vizuri, akatoka. Mwalimu alikula vipande vitatu na kumsifu baba. Mimi nilikula kimoja. Kilikuwa kimekomaa vizuri, chenye chumvi ya kutosha, na sijawahi kukisahau.

Sikuandika sentensi ya kwanza siku ile. Nilijiambia nitaiandika kesho. Kesho yake asubuhi niliingia kwenye chumba na koroboi kama kawaida, na Maombi aligeuza fromaji zote za mbao saba bila kusema neno. Nilimuuliza juu ya watu wa ubao wa sita, wanakula nini. Alisema, "Sijue." Nilimuuliza tena kesho yake. Alisema, "Muulize mwenye kitabu." Mama alikuwa anatukataza kugombana mle ndani, alisema maziwa yanasikia, kwa hiyo hatukugombana. Tulinyamaza tu mpaka siku nilipoondoka na kantini yangu, sanduku la bati la nguo.

Huko sekondari wanafunzi wenzangu walikwisha sikia kwamba mimi ni yule anayeandika kitabu. Nilitoa kaye kila Jumapili mchana, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikanoa akili kama mtu anoavyo panga, na hakuna kilichokuja. Nikaongeza wafalme. Nikaboresha ramani. Nikatengeneza orodha ya orodha. Nilidhani bado sijapanga vya kutosha. Mwaka wa nne ndipo nilipokubali moyoni kwamba sijui nini kinatokea baada ya harufu kumfikia mfalme, na kwamba yupo mtu mmoja tu duniani anayejua, naye yuko Kibabi anafuta mbao. Badala ya kumwandikia barua, niliifungia kaye chini ya nguo. Maombi aliolewa nilipokuwa mwaka wa mwisho. Mume wake alitoka upande wa Walikale, akampeleka huko kwenye msitu. Sikufika kwenye arusi. Nilikuwa na mitihani, nikashukuru kwamba nina mitihani.

Tumeonana mara kadhaa tangu hapo, kwenye misiba. Watu walipokimbia vita huku na huku, tuliulizana habari kwa wapita njia, kisha kwa simu. Kila mara nilikuwa na mpango wa kumwambia. Nilichagua maneno. Niliyapanga: kwanza nitasema hivi, halafu vile, nitaanza na habari za mama ili moyo ulainike. Nilichagua pia siku, mtoto wa kwanza akimaliza shule, barabara ikitulia, mvua ikikatika. Mnaona wenyewe. Nilikuwa napanga toba kama nilivyopanga kitabu, na ukurasa wake wa kwanza ulibaki mtupu vile vile.

Kile kipande cha mwezi uliopita ndicho kilichonitoa nyumbani. Nilimtafuta mama yule wa beseni, nikanunua fromaji nzima, nikaitia kwenye mfuko pamoja na kaye, nikapanda pikipiki ya kijana mmoja wa jirani. Safari ilituchukua siku mbili na matope. Kijana aliniuliza mara tatu, "Muzee, uko sawa kule nyuma?" na mara tatu nilimwambia niko sawa.

Maombi anakaa karibu na barabara, nyumba ya mbao yenye ua uliofagiwa, mihogo nyuma. Kule hakuna ng'ombe. Amekonda, jicho moja limeingia ukungu, lakini sauti ni ile ile. Alishangaa, akanipiga begani, akaniita jina langu la utotoni ambalo sitaliandika hapa. Nilimpa fromaji. Aliipokea kwa mikono miwili, akailaza mezani, akaipapasa ubavuni kwa kidole gumba. Kisha, bila kufikiri, huku akiniuliza habari za barabara, akaigeuza.

Mjukuu wake, binti wa miaka kumi hivi anayeitwa Neema, alikuwa amesimama karibu ananichunguza. "Koko," alimuuliza, "huyu njo ule muzee wa Mbao Saba?"

"Njo yeye," Maombi alisema. "Yeye njo aliandika kitabu. Mimi nilikuwa namusaidia tu."

Mtoto alinitazama kwa heshima ambayo iliniunguza. Ningeweza kuiacha. Nilikuwa nimechoka, nina kiu, na hotuba yangu yote niliyoipanga ilikuwa imepotea njiani. Nikasema tu, "Maombi, ile siku ya mwalimu nilisema uongo."

"Siku gani? Weye ulisemaka uongo siku mingi."

Neema alicheka. Mimi sikucheka. "Siku ya sahani," nilisema.

Dada yangu alikaa. Alichukua kitambaa cha meza akaanza kukikunja. "Ile," alisema. "Nilikuwa pale, Safari. Niliona kinywa yako ikifunguka. Nilingoja utaje jina yangu mpaka sahani ikawa nzito. Kisha nilingoja kesho yake. Kisha nikaona kantini mu mulango."

"Ningesema, baba angekutuma weye."

"Sijue. Pengine Papa angekatala tu. Angeona mwanamuke, angesema tutaona." Alikunja kitambaa mara nyingine. "Lakini mimi ningejua kama nilitajwa."

Nilimuuliza kama amenisamehe. Aliniambia ninawe mikono, chakula kinapoa.

Baada ya chakula nilitoa kaye. Alimwomba Neema amsomee majina ya wafalme, akasahihisha mawili niliyoyaandika vibaya. Kumbe nchi nzima alikuwa nayo. Amewasimulia watoto wake, na wajukuu, wakimenya mihogo, wakifua. Wanajua mfalme aliishia vipi, wanajua jina la ng'ombe wa kwanza kuanguka mawinguni. Kisha mtoto alifika mwanzo, akasema ukurasa huu hauna kitu.

"Hukuandika?" Maombi aliniuliza.

"Nilikuwa nangoja."

"Safari. Fromaji ilishuka zamani."

Nikatoa biki. Nilimwambia aseme, nitaandika yeye anavyosema, na kwamba jina lake litakaa juu, peke yake. Hakujibu juu ya jina. Alisema: "Weye ulimuambia mwalimu eti inajigeuza yenyewe. Hapo njo nilikasirika. Hayo mengine ningemeza."

Ndipo akanitajia sentensi ya kwanza, nami nikaiandika juu ya karatasi iliyokuwa imegeuka rangi ya chai. Ninainakili hapa kama alivyoitamka: "Mu inchi ya Mbao Saba kulikuwa binti moya aliyeamuka mbele ya watu wote kuigeuza, na wafalme walizania ni jua tu limetoka."

Tumeandika kurasa kumi na moja. Nitarudi barabara ikikauka, na safari hii sisemi hivyo ili nisirudi. Kaye nimeiacha kwake.

Nimekuwa nikidhani maisha yangu yote kwamba aibu yangu ni kuiba kitabu. Nilipokuwa mtoto nilifikiri nimechukua ramani, wafalme na mito iliyolala kwenye vibuyu, na nikiwa mtu mzima nilifikiri nimechukua shule. Vyote hivyo nilivichukua, sikatai. Lakini nilikaa asubuhi zile zote na taa mkononi, umbali wa hatua moja, nikiimulika mikono yake iliyopasuka kwa chumvi ili ione kazi, na nikamtazama anageuza nchi nzima, ubao kwa ubao. Mtu aliponiuliza nani anaigeuza, nilisema inajigeuza. Nilikuwa sijamwona.